HESABU YA KUPONA

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo la Hesabu ambalo hata wazazi wataweza kulisoma. Nimekubali, kwa sababu muhula huu mzazi mmoja aliniuliza swali, nami nikashindwa kulijibu. Si jambo la fahari kwa mwalimu wa Hesabu kushindwa hesabu, tena nyumbani kwake mwenyewe, mbele ya mke na watoto. Lakini tangu siku ile nimelitafuta jibu, na hayo niliyoyapata ndiyo ninayoyaleta hapa.

Mzazi huyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, mkulima wa mahindi na maharage hapa Mbebe. Mtoto wao wa tatu, mpwa wangu, ana miaka kumi, na tangu alipokuwa mchanga ana ugonjwa wa selimundu. Wengi wenu mwaujua ugonjwa huo. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa desturi ni mviringo na laini, hujikunja zikawa na umbo la mundu, zikakwama katika mishipa midogo, na mtoto akapatwa na maumivu ya mifupa na kifua yasiyoelezeka. Katika Tanzania yakisiwa kwamba watoto 11,000 hivi huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Mpwa wangu amekwisha lazwa mara nyingi hata dada yangu ameacha kuhesabu. Kikapu chake cha hospitali, chenye kanga mbili, kikombe na sabuni, hukaa nyuma ya mlango kimefungwa tayari.

Basi mwaka jana daktari mmoja aliyemwona mtoto aliwaeleza wazazi habari za kupandikizwa uloto. Uloto ni ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa, na ndimo zinamoishi chembe mama, yaani zile zinazozaa chembe zote za damu, nyekundu, nyeupe, na zile ndogo za kugandisha damu. Mgonjwa hupewa dawa kali za kuuondoa uloto wake mbovu, kisha hutiwa chembe mama za ndugu yake mzima kwa njia ya mshipa, kama mtu anayeongezwa damu. Chembe hizo zenyewe hutafuta njia mpaka ndani ya mifupa, zikakaa humo, zikaanza kuzaa. Hapo zamani Watanzania waliohitaji tiba hiyo walipelekwa nje, aghalabu India. Lakini mwaka 2021 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuifanya Dar es Salaam kwa wagonjwa wa saratani ya damu, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu.

Yule daktari aliwaambia wazazi kwamba habari za wagonjwa 1,000 wa selimundu, waliopandikizwa uloto wa ndugu zao wa tumbo moja kati ya mwaka 1986 na 2013, zilikusanywa na kuchapishwa mwaka 2017. Wengi wao walikuwa wa Ulaya na Marekani. Kwa hesabu ya miaka mitano baada ya tiba, watu 93 katika 100 walikuwa hai.

Shemeji alikuja kwangu jioni ile ile aliporudi. Akaketi, akanywa chai, hakusema neno hata vikombe vilipoondolewa. Kisha akasema, “Mwalimu, wewe ndiwe mtu wa hesabu. Nieleze. Mtoto wangu mimi yumo katika wale 93, au yumo katika wale saba?”

Nikamjibu kwamba 93 katika 100 ni hesabu nzuri sana.

Akasema, “Sikukuuliza kama ni nzuri.”

Hapo nilinyamaza. Nikamwambia anipe muda.

Nianze na jambo jepesi kwanza, yaani kumpata ndugu wa kutoa uloto. Si kila ndugu afaaye. Ziko alama za urithi katika chembe za mwili, ambazo kila mtoto hurithi fungu moja kwa baba na fungu moja kwa mama. Baba ana mafungu mawili na mama mawili, kwa hiyo nafasi ya watoto wawili kufanana kabisa ni 1 katika 4. Tena huyo ndugu asiwe mgonjwa wa selimundu naye. Wazazi wote wawili wakiwa na chembe moja ya urithi wa selimundu bila kuugua, kila mtoto wao ana nafasi 3 katika 4 ya kutokuwa mgonjwa. Mambo haya mawili hayategemeani, basi twayazidisha, robo moja mara robo tatu, twapata 3 katika 16. Mpwa wangu anao ndugu wanne. Nafasi ya kwamba hapana hata mmoja afaaye ni 13/16 iliyozidishwa kwa yenyewe mara nne, ambayo ni kadiri ya 44 katika 100. Zimebaki 56 za kumpata.

Nilimwonyesha shemeji hesabu hiyo kwenye daftari, nikijiona nimefanya kazi. Akaitazama, akasema, “Lakini hao wanne wote ni wazima. Walikwisha pimwa.”

Alikuwa na haki. Kama twajua ni wazima, robo tatu ile haina kazi tena, imebaki robo moja tu. Nafasi ya kumkosa ni robo tatu iliyozidishwa kwa yenyewe mara nne, yaani 81 katika 256, na nafasi ya kumpata yapanda kufika 68 katika 100. Tazameni jambo hili, enyi wanafunzi. Watoto ni wale wale wanne, damu yao ni ile ile, hapana kilichobadilika ila sisi tumejua neno moja zaidi, na hesabu imehama toka 56 mpaka 68. Maana yake hesabu ile haikuwa imekaa ndani ya watoto. Ilikuwa imekaa ndani ya ujuzi wetu.

Wazo hilo lilinisumbua, nikaamua kulijaribu darasani. Kidato cha Tatu watakumbuka yale makopo ya udongo waliyoyapanga chini ya madirisha mwezi wa pili. Tulichukua maharage 100, nikayachagua mwenyewe. Katika hayo, 80 yalikuwa mazima na 20 yalikuwa yamebunguliwa na wadudu. Kila mwanafunzi akapewa mbegu zake akaandika namba. Baada ya siku kumi tukahesabu. Katika mbegu nzima 80, zilikuwa zimeota 76. Katika zilizobunguliwa 20, zilikuwa zimeota 9. Jumla 85.

Binti mmoja alikuwa amepewa mbegu yenye matundu mawili, wenzake wakamcheka, nayo ikaota. Nikauliza darasa, “Mbegu hii ilikuwa na nafasi gani ya kuota?” Mmoja akasema 85 katika 100, kwa kuwa ni moja ya mbegu 100. Wa pili akasema siyo, ni 45 katika 100, kwa kuwa ilikuwa moja ya zile 20 zilizobunguliwa. Yule binti mwenye mbegu akasema, “Mwalimu, hii imeota. Ina 100.” Wote watatu walisema kweli. Hesabu ni ya kundi, na mbegu moja yaweza kuhesabiwa katika makundi mengi.

Sasa twende hospitali. Mgonjwa aliyepandikizwa uloto hupita katika wiki mbili, tatu au hata nne ambazo uloto wa zamani umekwisha kufa na mpya haujaanza kuzaa. Wakati huo hana chembe nyeupe za kupigana na magonjwa. Vijidudu ambavyo mimi na wewe huishi navyo kila siku bila habari vyaweza kumwangusha kwa usiku mmoja. Mapafu huweza kujaa maji, ini huweza kuziba mishipa yake, na wakati mwingine chembe za yule ndugu mtoaji huiona ngozi, ini na matumbo ya mgonjwa kuwa ni mgeni, zikaanza kuvishambulia. Wengi huvuka. Wachache huzidiwa, wakapelekwa katika wodi ya wagonjwa mahututi na kuwekewa mashine ya kupumulia. Hapo ndipo jamaa huuliza swali la shemeji kwa sauti kubwa zaidi, na hapo ndipo madaktari walipotafuta hesabu za kuwasaidia.

Kumpa mgonjwa alama kama mtihani si jambo geni. Mwaka 1953 Bibi Virginia Apgar wa Marekani alichapisha namna ya kumpa mtoto mchanga alama kuanzia 0 mpaka 10 mara azaliwapo, na wakunga hata leo huitumia. Jirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, nao wana yao. Mwaka 1989 madaktari wa Blantyre walichapisha kipimo cha kupoteza fahamu kwa watoto wenye malaria iliyopanda kichwani, alama 0 mpaka 5, kwa kuangalia macho, mwendo wa viungo na sauti ya mtoto. Kipimo hicho hakihitaji mashine, chahitaji macho na masikio tu, nami nakiheshimu kwa sababu hiyo.

Kwa wagonjwa mahututi wakubwa vipo vipimo viwili vijulikanavyo sana, navyo huitwa kwa vifupisho. APACHE kilitolewa mwaka 1981 na kutengenezwa upya mwaka 1985. SOFA kilitolewa mwaka 1996. Hiki cha pili ni rahisi kukieleza. Huangalia mambo sita, yaani mapafu, kuganda kwa damu, ini, moyo pamoja na msukumo wa damu, ubongo, na figo. Kila kimoja hupewa 0 kikiwa kizima, mpaka 4 kikiwa kimeharibika sana. Jumla kubwa kabisa ni 24. Katika mtihani huu anayepata alama nyingi ndiye aliyefeli.

Lakini kwa mgonjwa wa uloto mtihani huu una hila ndani yake. Chembe za kugandisha damu zikipungua kupita kiasi, SOFA humpa mgonjwa alama 4. Mgonjwa huyu chembe hizo zimeondolewa na madaktari wenyewe kwa dawa, ndiyo tiba yenyewe! Kadhalika APACHE ya mwaka 1985 humwongezea alama kwa kukosa chembe nyeupe, na tena nyingine kwa kuwa kinga yake ni dhaifu. Yaani aingia mtihanini amekwisha hesabiwa makosa kabla hajashika kalamu. Kwa hiyo alama zile zile alizo nazo mtu wa kawaida na mgonjwa wa uloto hazina maana moja. Kwa ajili hiyo mwaka 2005 madaktari wa Seattle, Marekani, walitengeneza kipimo cha wagonjwa wa uloto peke yao, kiangaliacho magonjwa 17 ambayo mtu huenda anayo kabla ya kupandikizwa, kama ya moyo, ini au mapafu. Hicho husaidia kuamua kama safari ianze. Hakisemi lolote juu ya usiku ule mbaya wenyewe.

Juu ya usiku ule, nimesoma hesabu moja ambayo sikuweza kulala vizuri baada ya kuisoma. Madaktari Rubenfeld na Crawford, wa Seattle hiyo hiyo, walichapisha mwaka 1996 habari za wagonjwa 865 waliopandikizwa uloto na kisha wakawekewa mashine ya kupumulia. Wengi wao walikuwa na saratani za damu. Waliopona wakatoka walikuwa 53. Fanyeni wenyewe, mtapata 6 katika 100. Tena wakalitenga kundi moja la watu 398, ambao mapafu yao yalikuwa yameharibika, na juu ya hayo ama msukumo wa damu ulishikiliwa kwa dawa zaidi ya saa nne, ama ini na figo zilikuwa zimeshindwa kazi. Katika hao 398 hakupona hata mmoja.

Mtu akisoma hivyo atasema, basi, mgonjwa wa namna hiyo azimiwe mashine, yanini kumtesa na kumaliza mali ya watoto? Huenda katika mahali pengi huo ni uamuzi wa haki, na mimi si daktari wa kuupinga. Lakini mwalimu wa Hesabu anayo maneno mawili.

La kwanza ni kwamba sifuri katika 398 siyo sifuri. Tuseme kwa kweli watu 3 katika kila 400 wa kundi lile huweza kupona. Nafasi ya kutopona mmoja ni 397/400. Zidisha sehemu hiyo kwa yenyewe mara 398, utapata karibu 5 katika 100. Yaani hata kama wapo wanaoweza kupona, iko nafasi 1 katika 20 kwamba katika watu 398 usimwone hata mmoja. Hesabu yatupa ruhusa ya kusema “wachache mno,” haitupi ruhusa ya kusema “kamwe.”

La pili aliniuliza mwanafunzi mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida huja darasani kusinzia. Nilikuwa nimewaambia kwamba mwaka kesho tutapanda mbegu nzima tu, zilizobunguliwa tutawapa kuku. Akanyosha mkono akasema, “Mwalimu, mwaka kesho ukituuliza mbegu zilizobunguliwa zimeota ngapi, tutakujibu sifuri, na wewe utasema, sikuwaambia?” Darasa likacheka, mimi sikucheka. Ndivyo ilivyo katika wodi ya wagonjwa mahututi. Mgonjwa akizimiwa mashine kwa kuwa hesabu ilisema atakufa, atakufa, na kifo chake kitaandikwa daftarini kuwa ushahidi wa hesabu. Zama hizi kompyuta nazo zimefundishwa kukisia nani atapona, kwa kulishwa madaftari ya maelfu ya wagonjwa. Lakini kompyuta iliyolishwa daftari la namna hiyo itajifunza kosa lile lile, kwa haraka zaidi.

Tena hesabu huzeeka. Ya mwaka 1996 ilihesabu watu wa miaka ya nyuma yake. Mwanzo kabisa, mwaka 1957, Daktari E. Donnall Thomas alichapisha habari za wagonjwa sita wa kwanza aliowatia uloto wa watu wengine, na hapana aliyepona. Lau angeishika ile sifuri katika sita kuwa ndilo neno la mwisho, asingeendelea, wala asingepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Seattle kwenyewe walilinganisha wagonjwa wa miaka 1993 mpaka 1997 na wale wa miaka 2003 mpaka 2007, wakaona hatari ya kufa imepungua kwa 41 katika 100, kwa sababu ya dawa zisizoumiza sana viungo, tiba bora za ukungu na virusi, na uangalifu zaidi. Anayemtisha mtu leo kwa hesabu ya mwaka 1996 amwonyesha picha ya babu yake.

Katika niliyoyasoma, lililonipendeza kuliko yote latoka Ufaransa. Mwaka 2007 madaktari wa Paris walichapisha habari za wagonjwa wa saratani waliofika mahututi kiasi cha kuhitaji mashine. Badala ya kuamua siku ya kwanza nani ajaribiwe na nani aachwe, waliwapa tiba kamili kwa siku kadhaa, ndipo wakatazama upya. Wakakuta kwamba hali ya siku ya kwanza haikuwatenganisha vema watakaopona na watakaokufa. Kilichowatenganisha ni mwendo wa mambo katika siku zilizofuata, nani viungo vyake vyarudi na nani vyazidi kuanguka. Walioanza kuhitaji mashine au dawa za msukumo baada ya siku tatu za kuwamo wodini humo, hao hawakupona.

Mnaona jambo hili lilivyo sawa na makopo yetu. Siku ya tano niliwaruhusu wanafunzi wafukue udongo polepole kwa kijiti. Mbegu nyingine zilizobunguliwa zilikuwa zimevimba na kutoa kimzizi cheupe, nyingine zilikuwa zimeoza na kunuka. Wakati huo hakuna aliyehitaji kuuliza habari za matundu. Aliyeiona mbegu siku ya tano alijua zaidi ya aliyeikagua kwa kioo cha kukuzia siku ya kupanda.

Naja kwetu. Hesabu zote nilizotaja ni za watu wa mbali. Watoto wetu wana malaria, wana safari ndefu, na mtoto wa Mbebe akishikwa na homa usiku baada ya kurudi kwao ana barabara ya kupita kabla hajamfikia daktari ajuaye uloto ni nini. Hospitali zetu zina miaka michache tu katika kazi hii. Mtu asiwadharau kwa hilo, lakini pia asidanganyike na hesabu ndogo. Tuseme hospitali fulani imepandikiza watu watano na wote wakapona. Je, ni 100 katika 100? Hata kama nafasi ya kweli ni 8 katika 10, watano wote kupona kwaweza kutokea mara 1 katika 3. Vivyo hivyo, wakifa wawili wa kwanza, haimaanishi madaktari hawajui kazi. Yatupasa kungoja daftari lijae, na kila jina liandikwe humo kwa uaminifu, aliyepona na aliyekufa.

Nilimwendea shemeji siku ya Jumapili, nikamkuta akipura maharage. Nikamwambia, “Shemeji, swali lako nimelipatia jibu, lakini hutalipenda. Hesabu ile haimjui mtoto wako. Yawajua watu 1,000, tena wa zamani na wa mbali. Yeye hayumo katika 93 wala katika saba, kwa sababu hao wamekwisha hesabiwa.”

Akaendelea kupura. Kisha akauliza, “Sasa yanifaa nini?”

Nikamwambia yamfaa kwa kulinganisha. Kukaa bila kupandikizwa nako kuna hesabu yake. Mtoto anameza haidroksiyurea, nayo imempunguzia maumivu, lakini bado alilazwa mara mbili mwaka huu. Na yamfaa kwa kuuliza maswali. Wale 1,000 walipogawanywa kwa umri, waliokuwa chini ya miaka 16 walikuwa hai 95 katika 100, na waliokuwa na miaka 16 au zaidi walikuwa hai 81. Kwa hiyo kungoja miaka sita si bure, kuna bei yake. Tena nikamwambia kwamba wakifika huko, wasimwulize daktari tu “ni ngapi katika mia.” Wamwulize hesabu hiyo ni ya nani, ya lini, na ya wapi. Na kama mtoto akizidiwa akapelekwa kwa mahututi, wamwulize mtamtazama upya siku gani, na mtaangalia nini siku hiyo.

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni akisikia. Akasema, “Hilo la mwisho ndilo nitakalouliza mimi.” Akaingia ndani, akarudi na kalamu, akataka nimwandikie. Nimemwandikia nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto.

Damu za ndugu wanne zimekwisha chukuliwa. Majibu hatujayapata wakati gazeti hili likipelekwa kupigwa chapa. Mpwa wangu mwenyewe aliniuliza jambo moja tu, kama akitiwa uloto wa kaka yake naye atakuwa hodari wa mpira kama yeye. Nikamwambia uloto hautoi mpira. Akasema, “Basi mjomba, wachukue wa dada, huyo hanipigi.”

Mazoezi kwa Kidato cha Tatu na cha Nne, na kwa mzazi yeyote apendaye:

1. Mgonjwa wa selimundu ana ndugu watano, na haijulikani kama ni wazima. Tafuta nafasi ya kumpata angalau mmoja afaaye kutoa uloto. Kisha fanya tena ikiwa imejulikana kwamba wawili katika hao ni wagonjwa na watatu ni wazima.

2. Hospitali imetibu wagonjwa 12 na wote wamepona. Kama nafasi ya kweli ya kupona ni 9 katika 10, jambo hilo laweza kutokea mara ngapi katika 100?

3. Katika makopo yetu, siku ya tano mbegu zilizobunguliwa 11 zilikuwa zimevimba, na 9 katika hizo zikaota. Zile 9 zilizooza hazikuota. Andika nafasi ya kuota ya mbegu iliyobunguliwa, kwanza kwa mtu aliyeiona siku ya kupanda tu, kisha kwa aliyeiona siku ya tano imevimba. Eleza kwa maneno yako kwa nini wote wawili wana haki.

Majibu yaletwe ofisini kwangu kabla ya kufunga shule. Shemeji amekwisha niletea la tatu, nalo ni sahihi.